Chuo hakitaki nifundishe mifupa na misuli, nisaini au niondoke?

Anti shikamoo, na wasomaji wote habari zenu. Mi ni mchoraji, nachora watu kwa rangi za mafuta, mtu alivyo ndo anavyotoka, na nafundisha kuchora kwenye chuo kimoja binafsi hapa Dar, jina naliacha. Nina mke na watoto wanasoma, mshahara wa chuo ndo unalipa ada na kodi ya nyumba maana picha zinauzika kwa msimu.

Shida yenyewe ni hii. Wanafunzi wanakuja wanajua kukopi picha toka kwenye simu na wengine wana mkono mzuri kwelikweli, ila mwambie amchore mtu aliyesimama mbele yake kabeba ndoo, mkono unatoka kama mpira wa kumwagilia, hauna kiwiko, hauna uzito. Ndo nikaanza kuwafundisha anatomia, yani mwili ulivyoundwa kwa mifupa na misuli. Nikaomba kiunzi cha mifupa cha plastiki, nikawaonyesha kwamba kuanzia kiwiko hadi kiganja kuna mifupa miwili na ukigeuza kiganja kitazame chini mmoja unapita juu ya mwenzake, ndo maana mkono unabadilika umbo, wakajishika mikono yao wenyewe wakauona, siku ile darasa zima hakuna aliyetaka kwenda kula. Baadaye nikamleta kijana fundi ujenzi, kavaa kaptura, kifua wazi, wakachora mgongo na mabega anavyonyanyua tofali. Kaptura jamani, kama mtu wa ufukweni Coco, wala sijawahi kuomba modeli, yani mtu anayekaa achorwe, avue nguo zote.

Mzazi mmoja akaona michoro ya binti yake akaja juu. Uongozi ukaniita, kiunzi wakakifungia stoo, modeli marufuku, tuchore kwa picha tu. Halafu mkuu akaongeza kwamba misuli ni mambo ya wazungu na sanaa yetu haihitaji. Hilo ndo limeniuma zaidi. Nenda kaangalie Wamakonde wanavyochonga zile nguzo za watu waliobebana, goti lile, mgongo ule uliopinda, yule mchongaji anaujua mwili! Na hata Makerere huko, mama Margaret Trowell aliyeanzisha shule ya sanaa miaka ya 1930 alikuwa anaogopa kuwafundisha Waafrika mbinu za Ulaya, alipoondoka 1958 aliyempokea, Cecil Todd, akabadilisha ufundishaji. Yani ubishi huu ni wa zamani na sioni kwa nini mtoto wa Mbagala aamuliwe na mtu mwingine ajue nini asijue nini kuhusu mwili wake mwenyewe.

Sasa wamenipa barua nisaini kwamba sitafundisha tena anatomia, nikikataa mkataba unaishia mwisho wa semista. Wanafunzi kadhaa wanasema mwalimu ondoka tuje kwako, tutachanga.

Nimekuwa nasoma sana habari za Thomas Eakins, mchoraji wa Philadelphia Marekani. Huyu alisoma anatomia kwenye chuo cha madaktari kabisa, 1875 akachora picha ya daktari Gross akipasua paja la mgonjwa, damu mkononi, watu wakaikataa kwenye ukumbi wa sanaa. Akawa mkurugenzi wa chuo cha sanaa cha huko, Pennsylvania Academy, 1882, wanafunzi wake wakipasua hadi maiti ili wajue mwili. Mwaka 1886 akamvua modeli mwanaume kitambaa cha kiunoni mbele ya darasa la wanawake, bodi ikamlazimisha ajiuzulu. Kundi la wanafunzi wakamfuata, wakaanzisha shule yao, akawafundisha bila mshahara, ila ndani ya miaka michache ikafa. Alifariki 1916. Ile picha ya daktari, 2006 watu wa Philadelphia wamechangishana ibaki mjini kwao kwa dola milioni 68!

Wanafunzi wangu wakisikia hiyo habari wanaona ushujaa. Mi naona pia kwamba Eakins alikuwa anakaa nyumba ya baba yake, na mzee alikuwa na uwezo. Mi nimepanga nyumba ya mtu. Mke wangu anasema saini, fundisha wanachotaka, anatomia wape Jumamosi nyumbani kimyakimya. Lakini barua inasema hata nje ya chuo nisiwafundishe wanafunzi wao, na mi siwezi kusaini kitu nikijua nitakivunja. Na nikisaini nikitimize, nitakuwa nasimama mbele ya vijana wanaolipa ada naona kabisa pale wanapokosea na nimefunga mdomo, hilo kwakweli silimudu.

Anti na wasomaji, nishaurini. Nirudi kwa uongozi niombe modeli avae fulana na wazazi wasaini ruhusa kwanza, au nimeshachelewa? Na kama kuna aliyeacha chuo akafungua darasa lake la kuchora, aniambie ukweli, wanafunzi walioahidi kuchanga walichanga kweli? Chumba ulipata wapi, na ulikaa muda gani kabla ya kuanza kulipa kodi yako mwenyewe? Barua wanaitaka Ijumaa ijayo.

Mwalimu wa kuchora, Dar es Salaam