Barua ya wazi kwa Gavana wa Mombasa: kiti cha usalama na funguo za nyumba za kaunti

Kwa Mheshimiwa Gavana,
Kaunti ya Mombasa.

KUH: UWAJIBIKAJI KUHUSU UHALIFU, UTENDAKAZI WA POLISI NA NYUMBA ZA KAUNTI

Mheshimiwa Gavana,

Pokea salamu kutoka Kisauni. Nimeamua kukuandikia hadharani badala ya kuiacha barua hii kwenye dawati la mapokezi, kwa sababu ninayoyasema si yangu peke yangu, na jibu lake ningependa lisomwe na kila mkazi anayelihitaji.

Vijana wenye mapanga wanapoingia mtaani, wakakata watu na kupora simu, yanayofuata tumekwisha kuyazoea. Maafisa wa usalama hutoa onyo kali, msako hufanywa usiku, vijana hupakiwa kwenye lori la polisi, wazazi hushinda nje ya kituo wakiuliza watoto wao wako wapi, na baada ya wiki chache mambo hutulia mpaka kitokee kisa kingine. Swali la nani anawajibika likiulizwa, jibu ambalo magavana wengi nchini wamekuwa wakilitoa ni kwamba usalama ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Jibu hilo lina ukweli wake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiweka polisi chini ya Serikali ya Kitaifa, na hakuna gavana anayeweza kumwamuru afisa amkamate fulani au amwachilie fulani.

Lakini sheria haikuishia hapo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 kimeanzisha, katika kila kaunti, Mamlaka ya Kaunti ya Masuala ya Polisi, na kiti cha mwenyekiti kimepewa gavana mwenyewe au mtu wa baraza lake la mawaziri atakayemteua. Ndani yake wanakaa wakuu wa polisi katika kaunti, wanachama wawili wanaopendekezwa na Bunge la Kaunti, na raia wasiopungua sita unaowateua wewe, kutoka kwa wafanyabiashara, mashirika ya kijamii, wanawake, watu wenye mahitaji maalumu, vijana na taasisi za dini. Kazi zao zimeandikwa waziwazi: kupendekeza malengo ya polisi katika kaunti, kufuatilia mwenendo wa uhalifu, hasa ule unaowaumiza wanawake na watoto, kusimamia bajeti ya shughuli za polisi mashinani, kutathmini utendakazi wao, na kuwapa wananchi jukwaa la kusema. Sheria imekunyima amri juu ya bunduki, lakini imekupa haki ya kuuliza na kutaka majibu, na mimi naiona haki hiyo kuwa kubwa kuliko inavyochukuliwa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza ni jepesi. Wanachama wa mamlaka hiyo hapa Mombasa ni kina nani, wamekutana lini, na ni malengo gani waliyowawekea polisi? Ikiwa majibu yapo, yabandikwe katika kila ofisi ya wadi. Ikiwa mamlaka imekwama kwa sababu ya fedha au kwa sababu ya mvutano na Nairobi, basi tuelezwe imekwama wapi na nani ameikwamisha, kwa sababu mkazi wa Mtopanga au Likoni hawezi kumdai haki mtu asiyemjua.

Niruhusu nieleze kwa nini jambo hili linatukera. Jirani yangu huuza mbaazi na mahamri. Zamani alikuwa akitoka na sufuria zake kabla ya adhana ya alfajiri, ili awahi vibarua wanaoelekea bandarini na viwandani. Siku hizi husubiri mpaka kupambazuke, kwa maana taa kubwa ya mulika mwizi iliyo njiani kwake haiwaki, na wateja wake wa mapema, ambao ndio wengi, huwa wamekwisha kupita. Hakuna ripoti ya polisi itakayoandika hasara hiyo, kwa sababu hajakatwa wala hajaporwa. Amepunguziwa riziki na hofu tu. Na taa za barabarani, Mheshimiwa, haziko chini ya Inspekta Jenerali wa Polisi. Jedwali lile lile la Nne limezitaja kuwa kazi ya kaunti. Tunaomba orodha ya milingoti yote ya mulika mwizi, ikionyesha inayowaka, iliyozimika, tangu lini, na nani amepewa zabuni ya kuitengeneza. Huhitaji kumwomba yeyote ruhusa ili kuichapisha.

Kuhusu polisi wenyewe, sitaki kuandika kana kwamba wote ni wabaya. Wapo maafisa wanaokimbilia kelele wakiwa na tochi za simu tu. Lakini wapo pia wananchi waliofika kituoni, kituo ambacho sitakitaja, wakiwa na majeraha ya panga, wakaambiwa gari halina mafuta, na wakarudi nyumbani bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, wala fomu ya P3 ambayo daktari huijaza kuthibitisha majeraha. Asiyekuwa na nambari ya OB hayumo katika takwimu, na kaunti inayopanga usalama kwa kutegemea takwimu za namna hiyo inapanga gizani. Lengo la kwanza ambalo ningependa mamlaka yako iwawekee polisi ni hilo dogo: kila anayefika kulalamika aondoke na nambari mkononi, na idadi ya walioandikishwa katika kila kituo itangazwe kila robo ya mwaka.

Upande wa pili wa msako nao tusiufumbie macho. Serikali ya Kitaifa ilipopiga marufuku karibu magenge 90 mwezi Desemba 2016, mengine yalikuwa ya Mombasa, lakini marufuku haikumaliza vijana kujiunga na makundi. Mji huu pia una kumbukumbu za watu waliouawa au waliotoweka bila maelezo. Mhubiri wa Kiislamu Aboud Rogo alipigwa risasi Agosti 2012, na mhubiri mwenzake Abubakar Shariff, aliyejulikana kama Makaburi, Aprili 2014. Mtu anaweza kuyapinga mafundisho yao yote na bado akataka kujua ni nani aliyewaua. Mzazi anayeamini kwamba mwanawe akikamatwa huenda asimwone tena hatampeleka kituoni kwa hiari, na mzee wa mtaa anayejua kwamba jina lake litavuja hatataja wenye mapanga. Sheria ya IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, nayo ya mwaka 2011, inataka kila kifo au jeraha baya linaloweza kuwa limetokana na kitendo cha polisi lichunguzwe. Ukiwa mwenyekiti, unaweza kutaka mamlaka yako ielezwe ni visa vingapi vya Mombasa vimewasilishwa huko na vimefikia wapi.

Sasa nije kwenye nyumba, ambazo huenda zikaonekana kuwa habari tofauti. Kaunti ilirithi kutoka kwa baraza la manispaa mitaa ya nyumba za kupangisha kama Buxton, Khadija, Mzizima, Tom Mboya, Tudor, Changamwe, Likoni na Nyerere. Ni nyumba kuukuu, na sina hoja ya kuzitetea paa zinazovuja wala mifereji ya majitaka iliyopasuka. Mpango wa kuzibomoa na kujenga upya kwa ubia na wawekezaji ulianza wakati wa mtangulizi wako, na Buxton ikawa ya kwanza. Wapangaji walipinga, kesi zikafika mahakamani, lakini majengo marefu yakainuka. Yanapendeza machoni. Ninachokiuliza ni nani anakaa humo. Kati ya wapangaji wa zamani, ni wangapi walirudi, na ni wangapi ambao bado wanapanga chumba kimoja katika mitaa ya hapa Mombasa kama Bangladesh, Mishomoroni au Bombolulu?

Nauliza hivyo kwa sababu mtaa wa zamani ulikuwa na watu waliojuana kwa majina ya baba na babu. Mtoto aliyetoroka shule alionekana na mama wa nyumba ya tatu kabla ya jioni. Familia hizo zikitawanywa bila mpango, kijana wa miaka kumi na mitano anaingia mtaa ambao hamjui mtu, shule yake iko mbali, na wanaomkaribisha kwanza ni wale wanaokaa kibarazani mchana kutwa. Sidai kwamba nyumba mpya huzaa majambazi. Nasema kwamba kaunti inayohamisha watu imechukua dhamana ya mahali wanapoangukia, na kwamba jengo linaloachwa tupu likisubiri tingatinga huwa maficho ambayo jirani aliyebaki ndiye anayeyalipia.

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Kifungu cha 43 cha Katiba nacho kinampa kila mtu haki ya makazi bora yanayofikika. Anayekatwa pesa hizo hapa Mombasa ana haki ya kuona mikataba ya ardhi ya kaunti iliyoingizwa katika ubia, hisa ya kaunti ni ipi, na sajili ya wapangaji wenye haki ya kurudi, ikifichwa nambari za vitambulisho vyao. Mtaa mwingine wowote usiguswe kabla sajili yake haijasomwa mbele ya wapangaji wenyewe.

Nitakumbusha pia kwamba mwaka 2018 Serikali ya Kitaifa ilitangaza kuwa polisi wangetoka kwenye kambi zao na kuishi miongoni mwa raia kwa marupurupu ya nyumba. Afisa anayehangaika na kodi katika mtaa anaoulinda ni mpangaji kama sisi, kwa hiyo mamlaka yako inayo sababu ya kuwauliza makamanda maafisa wao wanalala wapi na katika hali gani.

Sambamba na barua hii, nawasilisha ombi rasmi katika afisi yako chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, ambayo inatoa siku 21 za kujibu. Nimeomba majina na kumbukumbu za mikutano ya Mamlaka ya Kaunti ya Masuala ya Polisi, orodha ya taa za mulika mwizi, na sajili ya wapangaji wa kila mtaa wa kaunti uliobomolewa au uliopangiwa kubomolewa. Nakala nimempelekea mwakilishi wa wadi yetu, na nitakapopata majibu nitayabandika msikitini, kanisani na kwenye ukuta wa duka la mtaa.

Wako mtiifu,

Mkazi wa Kisauni, Mombasa.