Baba, uliniuliza dola ile iliangukaje

Leipzig, Oktoba

Baba mpendwa,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah, ila baridi ndiyo imeanza.

Juzi kwenye simu uliniuliza ilikuwaje Ujerumani Mashariki, nchi ya Wajerumani wale waliotujengea nyumba za Kikwajuni na Michenzani, yenye jeshi na mashushushu kila kona, ikaanguka bila vita. Nimeuliza watu, nimekwenda kujionea, na haya ndiyo niliyoyaelewa.

Katikati ya mji liko jengo lililokuwa la Stasi, idara yao ya usalama. Siku hizi ni makumbusho. Humo nimeona chupa za kioo zenye vitambaa vya manjano. Anayeshukiwa aliitwa kuhojiwa, akakalishwa juu ya kitambaa bila kujua, kisha kitambaa kikafungiwa chupani ili siku moja mbwa apewe anuse amfuate. Ziko pia mashine za kufungulia barua kwa mvuke. Hebu fikiri, Baba, barua kama hii ifunguliwe, isomwe, ibandikwe, ikufikie kama haikuguswa! Stasi ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000, mbali na wapashaji habari wa siri zaidi ya laki moja na nusu, katika nchi ya watu milioni 16. Wengine walimpeleleza hata mwenzao wa ndoa.

Kwa maoni yangu ugonjwa ulikuwa hapo. Walijua nani kasema nini jikoni kwake, lakini alilolilalamikia hawakulishughulikia. Nyumba za mji huu zilikuwa zinabomoka, moshi wa makaa ya mawe unakaba, gari dogo la Trabant unalingojea miaka kumi na zaidi, na kwenda nchi za Magharibi bila ruhusa marufuku. Kodi ya nyumba na mkate vilikuwa rahisi kweli, na kazi kila mtu alikuwa nayo. Wazee wengi bado wanalikumbuka hilo, wala siwalaumu. Ila nchi ilikuwa imezama kwenye madeni ya Magharibi. Oktoba 1989 mkuu wa mipango, Gerhard Schürer, aliwaambia viongozi kwamba kuzuia tu deni lisikue kungeshusha maisha ya watu kwa asilimia 25 hadi 30.

Mwezi Mei mwaka huohuo walikuwa wametangaza kwamba wagombea wa serikali wamepata asilimia 98.85 katika uchaguzi wa mabaraza ya mitaa. Safari hii raia walikuwa wamekwenda vituoni kushuhudia kura zikihesabiwa, na hesabu zao hazikulingana na zilizotangazwa. Septemba Hungaria ikafungua mpaka wake na Austria, vijana wakaanza kumiminika nje kwa maelfu.

Jirani yangu, bibi mmoja aliyekuwa muuguzi, alikuwemo kwenye maandamano ya Jumatatu tarehe 9 Oktoba, yaliyoanzia kwenye sala za kanisa la Nikolai na makanisa mengine. Anasema hospitali ziliambiwa zitayarishe damu. Kila mtu alijua yaliyotokea Beijing, Uchina, mwezi Juni, jeshi lilipowaua waandamanaji. Aliwaacha watoto kwa mama yake, akatoka na mshumaa. Walijaa watu kama 70,000 wakiimba "Sisi ndio wananchi!" Askari walikuwa wamepangwa tayari, lakini amri ya kupiga risasi haikutoka. Mwaka 1953 watu walipoinuka, vifaru vya Urusi viliwazima. Safari hii Gorbachev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, hakuleta kifaru hata kimoja. Bibi analia kila akilisimulia hili, nami nalia naye.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Honecker, kiongozi wa nchi, aliondolewa tarehe 18, ukuta wa Berlin ukafunguka Novemba 9, na ilipofika Oktoba 3, 1990, nchi ile haikuwapo tena, imeungana na Ujerumani Magharibi.

Viwanda vingi vilifungwa, watu wakakosa kazi. Kinachoniuma zaidi ni ndugu zetu wa Msumbiji walioletwa kufanya kazi kwa mikataba. Sehemu ya mishahara yao ilikatwa kwa ahadi kwamba watalipwa kwao. Wengi walirudishwa baada ya ukuta kuanguka, na miaka mingi baadaye walikuwa bado wanaandamana Maputo kuzidai. Wakati wa sherehe za ukuta huku, wao husikii wakitajwa, na mimi naona si haki.

Msalimie Mama, mwambie fedha za dawa nitazituma Ijumaa inshallah. Wadogo zangu wasome.

Mwanao,
Zuhura