Mama, mvua ya mawe si uongo

Goodland, Kansas
Mei 27

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Ujumbe wa sauti wa kaka Jumanne nimeusikiliza mara tatu. La mchango wa bati za kuezekea nimelielewa na hela nitatuma, tarehe nimeiandika chini. Kilichoniuma ni maneno aliyosema kwenye kikao mbele ya baba mdogo na shangazi Mwajuma: eti Zuhura katunga habari ya mvua ya mawe ili asichange, eti hata kwetu Ilongero mawe huanguka na hakuna aliyewahi kuvunjiwa gari. Sikulitegemea hilo kwa mtu aliyenivusha korongo mgongoni nikiwa darasa la kwanza. Ndiyo maana safari hii sikupiga simu. Naandika, Rehema akusomee polepole, na Jumanne akae hapo hapo asikilize.

Nchi hii ni tambarare, Mama, lakini iko juu. Mji wetu una mwinuko wa mita kama 1,125, karibu sawa na Dodoma. Ukielekea magharibi ardhi inapanda kidogo kidogo bila wewe kujua, mpaka Denver, mita 1,600, ndipo Milima ya Rocky inasimama mbele yako kama ukuta. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 500, na nyingi yake hushuka kati ya Mei na Julai. Yaani nyie mkianza kuanika alizeti, huku ndiyo kwanza mbingu inafunguka, na wakulima wa hapa ndiyo kwanza wanazipanda. Kila nikiona trekta ikipanda alizeti mwezi wa tano nahisi dunia imegeuzwa.

Sasa nieleze mawe yanatoka wapi, maana nimesomea. Upepo wa kusini mashariki huleta unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko, mbali mno. Asubuhi ya siku hiyo utaijua, nguo hazikauki kambani. Upande wa magharibi inashuka hewa kavu ya milimani. Juu ya unyevu huo hukaa tabaka la hewa ya moto, kama mfuniko wa sufuria. Jua linachochea chini, mvuke unasukuma, mfuniko unagoma. Kuna siku haufunguki kabisa, jioni inapita kavu na wakulima wanalala na kinyongo. Ukifunguka saa nane au saa tisa mchana, wingu linapanda kilomita 12 na zaidi kabla ugali wako haujaiva. Likifika juu linatandaa bapa kama fuawe ya mhunzi, na chini ya hiyo fuawe unaona vinundu vinaning'inia mfano wa viwele vya ng'ombe anayenyonyesha. Ni kizuri kukitazama, sitadanganya.

Humo ndani upepo unapanda kwa nguvu ya kubeba jiwe la barafu. Jiwe linapita kwenye matone ya maji yaliyo baridi kupita kiasi lakini hayajaganda, linavaa ngozi juu ya ngozi kama kitunguu, mpaka upepo unashindwa kulibeba. Hapo linaanguka. Na kwa kuwa nchi yenyewe iko juu, halina safari ndefu kwenye hewa ya joto ya kuliyeyusha. Mwambieni Jumanne hivi: Julai 23, 2010, huko Vivian, South Dakota, liliokotwa jiwe la kipenyo cha sentimita 20, uzito gramu 880. Hilo limepimwa na kuandikwa. Si hadithi ya Zuhura.

Langu lilikuwa dogo. Tarehe 18 mwezi huu nilikuwa kazini, gari nje. Dakika kumi na moja tu. Kioo cha mbele kikaenda, cha nyuma kikaenda, bodi ikabaki kama imepigwa nyundo na watoto. Bima ipo, lakini mkataba unataka dola 1,000 za kwanza nizitoe mimi, wao wamalizie. Hizo dola 1,000 ndizo zilikuwa za bati, Mama. Zilikuwa kwenye bahasha, nimeiandika BATI kwa kalamu nyekundu. Huku bila gari huendi kazini, duka lenyewe la chakula ni safari. Nimelipa, nimelia usiku mmoja, imepita.

Lakini siku hiyo hiyo ndiyo siku ninayojivunia kuliko zote tangu nishuke kwenye ndege. Mwezi wa tatu watu wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, ambao wana ofisi yao hapa hapa mjini, walifundisha watu wa kawaida kuangalia dhoruba. Bure, jioni moja. Nilikwenda nikakaa mbele. Walitufundisha kutofautisha wingu la mvua tu na wingu linalozunguka, na kwamba jiwe haliripotiwi kwa kusema "kubwa", unalilinganisha na kitu kinachojulikana. Wana jedwali lao. Sarafu ipo, mpira wa gofu upo, na yai la kuku lipo, limeandikwa sentimita 5. Nilipoliona hilo yai kwenye jedwali la Wamarekani nilikumbuka banda lako. Basi tarehe 18, mawe yakipiga, nikawapigia nikiwa nimesimama ndani ya mlango: mawe ya yai la kuku, upande wa kusini wa mji, yanaendelea. Onyo lililofuata likataja mawe ya ukubwa huo huo. Watu walio mashariki ya mji wakaingiza magari ndani kwa neno la binti yako kutoka Ilongero. Cheti walichonipa nimekipiga picha, Rehema akuonyeshe, na shangazi Mwajuma akione pia.

Kwa nini sisi tunayaogopa mawingu, kaka aliuliza akicheka. Limon, mji ulio kwenye barabara yetu hii ya kwenda Denver, ulipigwa na tonado, ule upepo unaozunguka kama mrija kutoka winguni, Juni 6, 1990. Katikati ya mji pakabomoka. Hakufariki mtu hata mmoja. Watu wa huku hawachezi na king'ora. Kila asubuhi wanaangalia ramani ya Kituo cha Kutabiri Dhoruba kilichoko Norman, Oklahoma, ambayo hupakwa rangi kwa ngazi tano: kijani, njano, chungwa, nyekundu, na ya juu kabisa zambarau. Mimi sasa nafanya hivyo kabla ya chai. Tena wana maneno mawili nisiyoyachanganya: tahadhari, maana yake hali inaruhusu, kaa macho, na onyo, maana yake imeshafika, ingia ndani sasa hivi.

Leo tumepakwa njano. Kesho chungwa. Ngano ya majirani inajaza punje, imebaki kama mwezi ivunwe, na wanaitaka mvua hiyo hiyo wanayoiogopa. Nawaelewa kuliko wanavyodhani.

Mengine ni mazuri. Kazi ipo, wazee ninaowatunza wananipenda, mgongo unauma kidogo. Mjini kuna mchoro wa alizeti za Van Gogh, mchoraji maarufu wa zamani, umesimamishwa juu ya egemeo la chuma la mita 24, watu wanatoka mbali kuupiga picha. Mimi huwa napita nikitoka kazini, siupigi picha. Nasimama tu. Tone la kwanza likigonga vumbi hapo, harufu inayopanda ni ile ya uani kwetu Desemba, wewe ukiita watu waanue nguo.

Haya ya bati. Tarehe 5 Juni natuma laki nane kwa jina lako, siyo la Jumanne. Bati ziwe geji 28, msikubali 30 kwa kuwa ni rahisi. Kenchi zifungwe ukutani kwa chuma kabla ya papi kupigiliwa, na fundi asiruke misumari ya pembeni, maana upepo huanzia pembeni kuezua. Upepo wa kiangazi mnaujua wenyewe.

Sasa hivi ni saa kumi jioni, kwenu saa saba usiku, umelala. Wingu la upande wa Colorado limeshatandaza fuawe yake na mwanga umeanza kuwa wa kijani. Naenda kuwatoa wazee madirishani tukae korido ya katikati.

Jumanne anijibu yeye mwenyewe, kwa mkono wake, si kwenye kundi la familia.

Mwanao,
Zuhura