Barua kwa Mwalimu Mwenzangu Kuhusu Kreti la Santuri

Nakuru,
Jumapili jioni.

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako mvua imekatika kwa wiki ya pili sasa na vumbi limeanza kuingia hata katikati ya kurasa za vitabu. Sisi sote tu wazima, na mama watoto amenituma nikuulize kama bado unakunywa chai isiyo na sukari au kama Texas imekwisha kukuharibu.

Barua yako niliipata pamoja na picha. Nimeitazama sana ile uliyopigwa nje kidogo ya mji wa Carthage, umesimama mbele ya sanamu ya mwimbaji Jim Reeves pale kwenye kaburi lake, na nilicheka nilipoona kwamba umevua kofia kama mtu aliyeingia msibani. Sikushangaa, kwa sababu wewe na mimi tulilelewa na sauti ile. Ilituimbia kila Krismasi, ikatuimbia kwenye matanga ya wazee wetu, na ikatuimbia jioni redioni tulipokuwa tukisahihisha madaftari kwa taa ya chemni. Lakini mwishoni mwa barua yako umeandika jambo nisiloweza kulinyamazia, kwamba baada ya Jim Reeves hakuna mtu aliyeimba kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani, na kwamba waliobaki ni wasindikizaji tu. Mwaka juzi ningekuunga mkono bila kufikiri. Sasa nina ushahidi wa kukupinga, na ushahidi wenyewe umo ndani ya kreti la soda hapa sebuleni kwangu.

Unamkumbuka mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi katika reli, yule aliyekukataza kuweka kikombe juu ya kinanda chake cha santuri? Tulipomzika na jamaa wakakaa kugawana alichoacha, ng'ombe walipata wenyewe, baiskeli ikapata mwenyewe, hata koti la mvua likagombewa, ila santuri hazikumwita mtu. Binamu yangu mmoja alikuwa amekwisha kufunika mtungi wa maji kwa mojawapo. Nilizikusanya zote, pamoja na ile ya mtungini, nikazihesabu zikawa 62, nikazileta nyumbani nikiamini kwamba nimeleta Jim Reeves peke yake.

Kinanda chenyewe kilikuwa na mkanda ulioyeyuka ukawa kama lami. Fundi mmoja hapa mjini alikitia mkanda mwingine, nami nikaweka santuri ya kwanza iliyonijia mkononi, yenye picha ya mwanamke kijana juu ya jalada, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito kama ya mzee wa besi katika kwaya ya kanisa letu. Nilimrudia fundi, nikamwambia kwamba huyu ni mwanamke, tazama picha na jina lake. Akaitazama kwa utulivu, akasema labda siku hiyo alikuwa na mafua. Ilibidi niitie alama sahani ya kinanda na kuihesabu mizunguko yake kwa saa ya mkono ili kumwonyesha kwamba haifikii mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, ndipo akakubali kutafuta mkanda mfupi zaidi. Baada ya hapo nilizisafisha santuri moja moja kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, nikipitisha kitambaa laini kwa mzunguko, kufuata mifereji yenyewe na kuepuka karatasi ya katikati. Maji ya beseni yalitoka rangi ya kahawa.

Mwanamke yule aliyeimba kwa besi alikuwa Connie Smith. Nilipomsikia kwa mwendo wake halisi nilisimama katikati ya chumba na kitambaa mkononi. Mwalimu, ile si sauti ya kubembeleza. Inapanda bila kujikaza, kama mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya bonde na kujua kwamba atasikika, na ubavuni mwake kuna gitaa la chuma, lile linalochezwa kwa kuteleza kipande cha chuma juu ya nyuzi, likimjibu kila anapovuta pumzi. Tangu hapo nimesoma habari zake. Alizaliwa Indiana mwaka 1941, na mwezi Agosti 1963, akiwa mke wa nyumbani mwenye mtoto mchanga, aliingia katika shindano la kuimba karibu na Columbus, Ohio, mahali alipokuwapo mwimbaji na mtunzi Bill Anderson. Huyo ndiye aliyemsaidia kufika Nashville, mji wa studio za kantri, na huyo ndiye aliyemwandikia wimbo wa kwanza, "Once a Day", aliourekodi Julai 1964. Katika wimbo huo mwanamke anadai kwamba anamlilia aliyemwacha mara moja tu kwa siku, kisha anafafanua kuwa hiyo mara moja huanza kukipambazuka na haikomi mpaka giza liingie, na usiku nao una ya kwake. Ulikaa nambari moja kwa wiki 8 katika orodha ya kantri ya jarida la Billboard. Mtu asiyejulikana kabisa, wimbo wake wa kwanza! Hapakuwa na mwanamke mwingine aliyekaa pale juu peke yake kwa muda mrefu kuliko huo hadi mwaka 2012, ambao pia ndio mwaka Connie Smith alioingizwa katika Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, karibu nusu karne baada ya kustahili.

Sasa niambie: wewe na mimi, tuliojiita wajuzi wa kantri, ni lini tuliwahi kulitaja jina hilo?

Nimelifikiria swali hili kwa usiku mwingi, na jibu langu ni kwamba hatukumchagua Jim Reeves, bali tulichaguliwa. Mtangazaji alikuwa na santuri chache kabatini, naye alirudia zile zilizoombwa jana, na sisi tukaomba zile tulizosikia juzi. Kisha kuna jambo lile tulilobishania utotoni bila kulimaliza, kama Jim Reeves alikuwa hai au la, kwa sababu kila mara kulikuwa na wimbo wake mpya. Alikufa kwa ajali ya ndege yake ndogo karibu na Nashville tarehe 31 Julai 1964, lakini alikuwa ameacha kanda nyingi ambazo hazijatolewa, na mjane wake, Mary, alishirikiana na kampuni ya RCA kuzitoa kidogo kidogo kwa miaka. "Distant Drums" ilifika nambari moja Uingereza mwaka 1966, miaka miwili baada ya mwimbaji kuzikwa hapo uliposimama na kofia yako mkononi. Simpunguzii sifa. Ninasema tu kwamba marehemu yule alikuwa na watu wa kumtunza kuliko wengi waliokuwa hai.

Tena, hata ladha tuliyoiita ya kantri ilikuwa imetengenezwa. Majalada ya mjomba yana faida ambayo redio haikuwa nayo, maana nyuma yake yamejaa maandishi, na jina la Chet Atkins, mpiga gitaa aliyesimamia kurekodiwa kwa nyimbo nyingi hizi, linarudi kila mahali kama sahihi ya mwalimu mkuu kwenye vyeti. Vijana wa Marekani walipokimbilia muziki wa rock and roll miaka ya 1950 na mauzo ya kantri yakaporomoka, yeye na wenzake wa Nashville waliondoa fidla na gitaa la chuma, wakaweka vinanda vya nyuzi vya watu wa mjini na kwaya ya kuitikia kwa upole. Ndiyo maana Jim Reeves hutuimbia kana kwamba mdomo wake uko sikioni mwetu. Hilo tulidhani ndilo kantri lenyewe, na kumbe ni kantri lililovishwa suti.

Ndani ya suti hiyohiyo nilimkuta Hank Locklin, ambaye wimbo wake "Please Help Me, I'm Falling" ulikaa nambari moja kwa wiki 14 mwaka 1960. Sitakuchosha naye, ila usikilize piano. Don Robertson, mmoja wa watunzi wa wimbo huo, alipoleta kanda ya mfano alikuwa amepiga piano kwa kugusa kwanza noti isiyotakiwa kisha kuteleza hadi ile iliyotakiwa, na Chet Atkins akamwomba mpiga piano Floyd Cramer aige mtindo huo. Cramer aliuiga vizuri mno hata ukawa mali yake kwa jina. Kumbe ule mteremko wa piano tuliokuwa tukiupiga kwa vidole juu ya dawati ulikuwa wa mtu mwingine.

Skeeter Davis unamjua, najua utaniambia. Unamjua kwa wimbo mmoja, ule wa mwisho wa dunia uliofika nambari mbili katika orodha ya jumla ya Marekani mwaka 1963, ambao kila harusi iliyovunjika hapa Nakuru iliuazima. Lakini umewahi kujiuliza kwa nini katika santuri zake nyingi kuna sauti mbili za wanawake zinazofanana kama mapacha, na jalada linataja jina moja? Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mary Frances Penick, na huko Kentucky alikuwa na rafiki wa shuleni aitwaye Betty Jack Davis. Walijiita dada, yeye akachukua jina la ukoo wa mwenziwe, na mwaka 1953 wakatoa wimbo wao "I Forgot More Than You'll Ever Know". Usiku wa kuamkia tarehe 2 Agosti mwaka huo, wimbo ukiwa ndio kwanza unatoka, gari lao liligongwa. Betty Jack alikufa, Skeeter akaumia vibaya, na wimbo ukapanda hadi nambari moja huku mmoja wao yumo kaburini na mwingine anauguza majeraha. Miaka ilipopita akabaki kuimba peke yake, Chet Atkins alimrekodi sauti ya kwanza, kisha akamrekodi tena akijiitikia mwenyewe mahali palipokuwa pa rafiki yake. Nilipolijua hilo niliurudia upande mzima wa santuri, na nikashindwa kuendelea na upande wa pili siku hiyo.

Na kabla hujasema kwamba mambo haya ni ya wageni, nikukumbushe ya Kapkatet, saa chache tu kutoka hapa nilipo. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alifika pale na mitambo yake, akawarekodi Wakipsigis wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu paa, kwa mlio wa kinanda cha nyuzi. Chemirocha ni jina la Jimmie Rodgers lilivyotamkwa kwa Kikipsigis. Mwimbaji huyo wa kantri kutoka Mississippi alikuwa amekufa kwa kifua kikuu tangu 1933, lakini santuri zake zilikuwa zimefika kwenye vilima vyetu vya chai kabla hatujazaliwa, na mabinti waliomsikia wakamtungia wimbo. Siku hizi ninadhani wimbo wa mabinti wale ni mzuri kuliko nyingi za Jimmie Rodgers mwenyewe, lakini hilo tulibishanie utakapokuja.

Sasa nina ombi. Katika kreti hakuna santuri hata moja ya Stoney Edwards, na huku sijui nimtafute wapi, ilhali wewe umezungukwa na maduka ya vitu vikuukuu. Alikuwa mwimbaji Mweusi kutoka Oklahoma, aliyezaliwa mwaka 1929, ambaye hakupata kujua kusoma, na kampuni ya Capitol ilimtoa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Charley Pride, mwimbaji Mweusi mwenzake, ndiye aliyefunguliwa mlango, tena kwa tahadhari, maana santuri zake za kwanza zilipelekwa redioni bila picha. Stoney Edwards akaja nyuma yake na kukuta mlango umerudishiwa. Ndiye aliyeimba "She's My Rock" miaka zaidi ya 10 kabla ya George Jones kuiimba na kupata sifa kubwa kwayo. Kijana wangu alinitafutia wimbo huo kwenye simu, nao ulinitosha kujua kwamba namtaka mzima, pande zote mbili, pamoja na nyimbo ambazo hakuna aliyezisifu.

Ukimpata, usitishwe na mikwaruzo, kwa kuwa mikwaruzo husikika tu kama mafuta yanayokaanga. Iliyopinda ndiyo usiinunue hata ikiwa ya bure. Usiiache ndani ya gari katika joto hilo la Texas hata kwa dakika za kuingia dukani, na umpe mpwa wako anayekuja Disemba aibebe ikiwa imesimama baina ya kadibodi mbili, kwenye mkoba wa mkononi. Gharama uniandikie, nami nitamkabidhi dada yako hapa, maana najua wewe utakataa kuipokea.

Wasalimie shemeji na watoto. Ile ya mtungini niliisafisha pia, kwa taarifa yako. Ni ya Jim Reeves, na duara la mtungi bado linaonekana, lakini inaimba hadi mwisho bila kuruka.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mwenzako wa Nakuru