Dharura gani, haikusema

Mhariri,

Machi 2020, kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilipoanza hapa Kenya, nilikuwa na ujauzito wa miezi saba. Kliniki niliyozoea ilipunguza siku za wajawazito, na mlangoni pakabandikwa karatasi: "Njoo ukiwa na dharura." Dharura gani? Haikusema.

Basi mwalimu wetu akawa WhatsApp. Sauti ya mtu tusiyemjua ilituambia tunywe tangawizi na ndimu, tusikanyage hospitali kwani ndiko korona iliko. Nikamsikiliza, mpaka uso ukavimba na kichwa kikaniuma siku mbili mfululizo. Jirani yangu, mkunga mstaafu, ndiye aliyenifungulia kijitabu cha kliniki, ambacho (aibu yangu) kilikuwa kabatini muda wote, akanionyesha kwa kidole dalili za hatari. Nilikutwa na presha.

Wizara na kaunti, likizuka gonjwa jingine, dalili hizo zisomwe redioni kila asubuhi, na kila zahanati ibandike namba ya simu inayopokewa na muuguzi. Si rekodi. Muuguzi.

Mama wa watoto wawili,
Likoni, Mombasa