Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Keki ya udongo na shilingi laki nane

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Barabara ya Lourdel, Nakasero,
Kampala.

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, mahali tunapoamshwa na honi za malori kabla ya jogoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi, na ni mama wa mtoto wa kiume wa miaka sita mwenye usonji, hali ambayo Kiingereza huiita autism, inayobadili jinsi mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine. Jina lake nimeliacha nyumbani. Akikua ataamua mwenyewe kama anataka watu walijue.

Neno hilo, usonji, nimelinunua. Nililipa shilingi laki nane katika kliniki ya binafsi Kampala ili mtu mwenye cheti aliandike kwenye karatasi: ada ya kumwona daktari, ada ya upimaji, kisha ada ya ripoti, maana kumbe ripoti nayo huuzwa peke yake. Nauli na malazi sijaweka. Mshahara wa mwalimu wa msingi unaujua, ni serikali yako inayoulipa.

Kabla ya hapo tulizunguka kama wanavyozunguka wengi. Muuguzi alisema watoto wa kiume huchelewa kusema, nisubiri. Mama mkwe akasema ulimi umefungwa chini, ukatwe. Ukakatwa, mtoto akalia siku mbili na maneno hayakuja. Jirani akataja mapepo. Kliniki nyingine, ya binafsi vilevile, ikatuuzia picha ya kichwa. Picha ikatoka safi, tukarudi nyumbani na bahasha kubwa ya kahawia na furaha ya bure. Hakuna aliyetuambia kwamba usonji hauonekani kwenye picha ya ubongo wala kwenye damu, kwamba hutambuliwa kwa kumtazama mtoto anavyocheza na kuwasiliana, na kwa kuwahoji kwa kirefu wanaomlea. Kipimo ambacho kilistahili kutangulia, cha masikio, hakuna aliyekitaja.

Sasa nikupeleke ndani ya chumba chenyewe.

Tulipanda basi saa tisa usiku. Pale Namawojjolo wauza kuku wa kuchoma walivamia madirisha na vijiti vyao, kila mmoja akipiga kelele kumshinda mwenzake. Mwanangu akajiziba masikio, akateleza chini ya kiti, akabaki huko hadi Mukono. Saa nne asubuhi, bila usingizi na bila chai, maana chai ya mahali pageni hanywi, akaingizwa kwenye chumba chenye zulia na kuambiwa acheze.

Mpimaji alikuwa binti mpole, sina ugomvi naye. Akatoa mwanasesere, akafinyanga keki kwa udongo wa kuchezea, akachomeka mishumaa midogo juu yake. Akasema kwa Kiingereza kuwa leo ni bathidei ya mtoto huyu, tufanye nini? Mwanangu aliitazama ile keki kwa muda mrefu. Kisha akachomoa mshumaa mmoja, akaenda kuusimamisha dirishani. Kalamu ikaandika.

Mheshimiwa, kwetu umeme ukikatika mshumaa huwekwa dirishani. Bathidei hatujawahi kumfanyia. Mtoto alionyeshwa mshumaa akaupeleka mahali pake, tena kwa mchezo, jambo ambalo ndilo lililokuwa likitafutwa. Nilipofungua mdomo kueleza, nikaombwa kwa adabu nisimsaidie.

Ile keki si ubunifu wa yule binti. Imo ndani ya ADOS, upimaji wa usonji unaoheshimika duniani, na mtaalamu aliyeiva hujua kuutumia kwa kuzingatia mtoto anatoka wapi. Lakini aliyeiva unampata wapi, na mzazi atamjuaje? Zikaja picha za kutaja majina. Mwanangu akasema "jogoo", akasema "ndoo". Mpimaji hakusikia Kiswahili. Kwenye ripoti nikasoma kwamba ana maneno manne yanayoeleweka. Nyumbani tulikuwa tumehesabu zaidi ya sitini, mengi ya Kiswahili na mengine ya Ateso ya bibi yake. Julai 2022 Baraza la Mawaziri, ambalo Waziri wa Afya huketi humo, liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini. Nilishangilia siku ile, ni ugali wangu. Sikujua kwamba miaka michache baadaye Kiswahili cha mwanangu kingehesabiwa kuwa ukimya.

Sisemi walikosea jibu. Usonji anao, nilijua kabla ya kulipa. Ninalolalamikia ni kiwango. Waliandika ngazi ya tatu, ile ya kuhitaji msaada mkubwa kabisa, na kwa karatasi hiyo niliyoinunua kwa mkopo wa SACCO, shule mbili zikanikatalia mtoto.

Niseme na hili, ingawa si nililokuja kusema. Wakati binti yule ananihoji kuhusu utoto wa mwanangu (alianza lini kupanga vitu kwa mstari, hula nini, hukataa nini), nilijikuta nikijibu habari za mdogo wangu. Ana miaka 31. Hutengeneza redio sokoni, na wateja wake wamezoea kuacha redio mezani na kuondoka bila salamu, kwa sababu salamu humchosha. Hula ugali kwanza, mboga baadaye, kwenye sahani mbili. Alipigwa sana shuleni kwa kutomtazama mwalimu usoni. Nikauliza kama mtu mzima naye hupimwa. Wakanijibu kuwa wao ni wa watoto, na mwingine wa kunielekeza hawakuwa naye. Nilipomweleza nyumbani, alizima redio aliyokuwa akiifungua akauliza: "Kwa hiyo lina jina?" Hakuuliza dawa, Mheshimiwa.

Utaniambia Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili kule Kampala, kuna huduma ya watoto. Ipo, na waliopo wanajitahidi. Lakini kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 200, na jina lenyewe la Butabika, tukubali tusikubali, mitaani bado ni tusi. Mama atauza mbuzi aende kliniki ya binafsi kuliko kuonekana akishuka getini pale. Hao wenye kliniki wanalijua hilo, na bei zao zinalijua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi ya kuanzia ilishafanywa hapa hapa. Watafiti wa Makerere na wenzao wa nje waliyachukua yale maswali kumi ya zamani ya kutambua ulemavu wa watoto, wakaongeza mengine hadi yakafika 23, ili yanase pia usonji, wakayajaribu kwa watoto wa Uganda. Waliyachapisha mwaka 2014. Maswali hayo hayatoi jibu la mwisho, na hayakusudiwi kulitoa. Yanachuja tu: nani apelekwe mbele, nani arudi nyumbani. Huulizwa mzazi, na hayahitaji keki.

Na mahali pa kuulizia maswali ya namna hiyo, yanayofaa umri wa mtoto, papo tayari. Mtoto akifikisha miezi 18 huletwa kituo cha afya kwa chanjo ya pili ya surua na rubela. Ni umri ambao dalili nyingi zinaweza kuonekana: haitiki jina lake, hanyooshi kidole kukuonyesha ndege, akitaka kitu huushika mkono wako kama kijiko. Mama ameshafika, kadi iko mkononi, foleni ni ndefu. Tunachomwa sindano, tunaandikiwa tarehe, tunaondoka. Dakika kumi za maswali kwa lugha ya nyumbani kwangu zingeniokolea miaka mitatu na ulimi uliokatwa bure.

Kliniki za binafsi sitaki uzifunge. Bila wao ningekuwa bado naambiwa nisubiri. Nataka uzipe masharti. Aandikwe ukutani nani ana ruhusa ya kutia sahihi utambuzi wa usonji na amesomea nini. Bei ibandikwe, yote, pamoja na ya ripoti. Mzazi aulizwe mtoto anasema lugha gani, na kama mpimaji haijui, awepo anayeijua. Na hospitali za rufaa za mikoani, kama ya Mbale iliyo karibu nasi, wapewe mtu mmoja walau, mwenye siku yake moja kwa wiki, ili anayeshindwa laki nane asikose jina la kinachomsumbua mtoto wake.

Mwanangu sasa anasoma na mimi darasani kwangu, kiti cha mwisho karibu na dirisha, kwa huruma ya mwalimu mkuu na si kwa kuwa haki yake imeheshimiwa. Ana dada yake mdogo. Wadogo wa watoto wenye usonji wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nao, hili nimelisoma, na huwa namwita jina usiku wakati amelala, kisha najicheka. Atafikisha miezi 18 mwezi wa Agosti. Nitampeleka kituo cha afya kwa ile chanjo ya surua, nitakaa kwenye benchi na kadi yake, na nitasubiri nione kama kuna atakayeniuliza kitu.

Wako,
Mwalimu wa Kiswahili, Malaba