Kasha la Babu

London, 17 Ramadhani

Kaka Abdalla,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, mimi sijambo, kazi ipo, baridi ndiyo ile ile. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu. Nilitaka kukupigia nikaona nitalia tu, bora nikuandikie.

Pesa za mabati zipo, hilo lisikusumbue tena. Lakini uliponiambia, kama mtu anayetaja bei ya sukari, kwamba Ami Saidi anataka chumba cha juu kitolewe vitu apate kukipangisha, na kwamba yale "makaratasi ya mchwa" ya Babu yaliyomo kashani yatachomwa uani, usingizi uliniruka. Nani aliniuliza? Mwaka jana nilipotuma za dari nilikuwa mwenye nyumba. Leo kwenye kasha nimekuwa mtu wa mbali?

Ngoja nikwambie nilikuwa wapi siku moja kabla ya sauti yako. Wayahudi wa hapa wana tamasha lao la vitabu, Jewish Book Week, lililoanza 1952. Hufanyika Kings Place, jengo lililo karibu na stesheni ya King's Cross, na ukumbi wake mkubwa uko chini ya ardhi. Mimi hujitolea, huu ni mwaka wa tatu, na safari hii wamenipa kusimamia meza ya watoto. Jina langu liko kwenye beji, Swafiya, wala hawakukosea herufi. Picha nimempelekea Mama.

Laiti ungeona watu wanavyokuja. Mtoto wa miaka minne ameketi chini anasikiliza hadithi, mamake yuko ukumbi wa pili kwa mtunzi wa riwaya, na mzee wa miaka tisini amesukumwa kwa kiti cha magurudumu kuja kubishana na profesa wa historia. Na anabishana kweli! Watu wananunua tiketi, Kaka, wamsikilize mtu akizungumzia kitabu, na viti vinajaa. Mezani kwangu watoto walikuwa wakiandika alef na bet, herufi za kwanza za Kiebrania, kwa kalamu za mwanzi. Mmoja alianza kushoto, nyanyake akamshika kifundo cha mkono, akaupeleka mkono kulia, taratibu, bila neno. Nikamkumbuka Maalim Shee, ingawa Maalim hakuwa na utaratibu huo.

Jioni wakaniruhusu kuingia kwenye mhadhara wa Geniza. Geniza ni chumba cha sinagogi kinachowekwa karatasi zilizochakaa, kwa sababu iliyoandikwa jina la Mungu haitupwi, hungoja kuzikwa. Kwenye sinagogi la Ben Ezra, Kairo, hawakuzizika zote. Zilirundikana karne kwa karne, na si za dini peke yake: hati za ndoa, hesabu za biashara, mazoezi ya watoto wanaojifunza kuandika. Mwaka 1896 pacha wawili wa Kiskoti, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walirudi Cambridge na kurasa walizozinunua safarini. Msomi wa hapo, Solomon Schechter, akautambua mmoja, akafunga safari mwenyewe mpaka Kairo, akarudi na vipande vipatavyo 193,000. Vumbi tupu, mchwa tupu. Hakuna aliyesema vichomwe.

Mhadhiri akatuonyesha habari za mfanyabiashara mmoja, Abraham Ben Yiju, mtu wa Mahdia, Tunisia, aliyekaa pwani ya Malabar kule India miaka kama 17. Rafiki zake wa Aden walikuwa wakimpelekea karatasi nyeupe, sukari na zabibu. Mwaka 1149 amerudi Aden, anawaandikia nduguze waliopatwa na vita kwao. Anawaambia alichochuma kitawatosha wote, na katika barua ya baadaye anataka mtoto wa nduguye aje amwoe bintiye. Kaka, nilishika kiti. Miaka mia nane na zaidi, na ni barua ya ughaibuni kama hii ninayoiandika.

Tena lugha yake ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Hapo nikanyosha mkono. Ukumbi umejaa, moyo unanidunda, nikasimama nikasema kwetu Mombasa wazee waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu vivyo hivyo. Nikawaambia barua za Kilwa za 1711 mpaka leo zimo Goa, India. Nikawaambia mashairi ya Muyaka yangepotea lau si Mwalimu Sikujua kumsaidia mmishonari Taylor kuyakusanya, na sasa yako SOAS, chuo kikuu cha hapa London, si mbali na pale tulipokuwa. Nikamaliza kwa kusema babu yangu aliacha kasha zima. Mhadhiri aliweka karatasi zake chini, akaniuliza kasha hilo liko wapi. Nikamjibu liko kwetu, liko salama.

Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Asubuhi yake ndiyo sauti yako ikaingia.

Wewe ulikuwa mdogo hukumbuki, lakini zimo barua za nduguye Babu alizoandika kutoka Sur, Oman. Bibi alipozisoma alipitisha kidole chini ya mstari, na akifika penye doa la kahawa alinyamaza kidogo, kwa sababu neno lililofunikwa hapo hakulijua, na hakutaka kulibuni. Mimi nataka kulijua neno hilo.

Basi sikiliza. Karatasi zisianikwe juani wala zisigundishwe. Mwanao Fatma ana simu nzuri: apige picha moja moja, mbele na nyuma, karibu na dirisha, anitumie. Kisha zifungwe kwa bafta safi. Ami akitaka kupangisha chumba na apangishe, siwezi kugombana naye mwezi huu. Kasha lishushwe kwa Mama, wabebe watu wanne, lisikokotwe kwenye ngazi.

Usiku ule magharibi ilinikuta bado kazini. Bibi mmoja mzee tunayejitolea naye alikuwa ameniwekea tende na glasi ya maji nyuma ya meza ya vitabu. Akaniambia wao nao hufunga Yom Kippur, siku yao ya toba, saa 25, bila hata maji. Nikafuturu nimesimama. Ilikuwa tende ya dukani, kavu, na nikazitamani mbaazi za nazi na mahamri ya Bi Zena, na adhana ya msikiti wa Mandhry inavyoingia dirishani kabla mtu hajakoroga uji. Idi hii pia sitakuja. Ya mwakani, inshallah.

Nimetuma pauni 300 kwa namba ya Mama, si kwa yako wala ya Ami. Usikasirike. Ufunguo wa kasha uko kwa Bi Zena, kwenye mkoba wa tasbihi. Mwambie Ami asivunje kitasa.

Nduguyo,
Swafiya